Nani akuchagulie muvi ya leo? Flixster iliyozikwa, MovieLens inayodunda, na hizi nyingine tulizonazo

Mnamo 2008 hivi, kijana wa Marekani aliyetaka kujua atazame nini Ijumaa alifungua Flixster. Mtajie mdogo wake jina hilo leo, atadhani ni dawa ya kikohozi. Na kumbe kwenye Chuo Kikuu cha Minnesota kuna huduma yenye sura ya kizamani, isiyo na tangazo hata moja, iliyoanza kufanya kazi hiyohiyo mwaka 1997, na ukiifungua leo inakupokea.

Ulinganisho huu ni wa mtu aliyechoka. Kanunua bando, kajitupa kwenye kochi, anapandisha na kushusha mabango ya filamu mpaka dakika arobaini zinakatika, mwishowe analala. Anachotaka ni jibu la swali moja: nitumie ipi kuchagua? Jibu nitampa, ila nitampitisha makaburini kwanza. Huduma za kutafutia filamu, kwa nilivyozifuatilia, hazifi kwa kushindwa kubashiri ladha ya watu. Baadhi ya zilizokufa zilikuwa hodari sana kwa hilo. Zinakufa duka likibadilisha mwenyewe, na mwenyewe huyo mpya akaja na bidhaa yake ya kusukuma. Ukishaliona hilo, hata hizi zilizo hai utazikagua kwa jicho jingine.

Flixster: sherehe iliyonunuliwa

Flixster ilifunguliwa 2006, San Francisco, na Joe Greenstein na Saran Chari. Wazo lake lilikuwa jepesi na zuri. Unazipa nyota filamu ulizoona, rafiki zako wanafanya hivyohivyo, kisha mnapimana: mimi na wewe ladha zetu zinapatana kiasi gani? Kipimo hicho cha kupatana ndicho kilichowavuta watu. Hakuna anayependa kuambiwa "tazama hii", lakini kila mtu anataka kujua kama yule binti wa darasani anapenda vichekesho vilevile anavyovipenda yeye.

Mei 2007 Facebook ilifungua mlango kwa programu za watu wa nje, na Flixster ikawa miongoni mwa walioingia mapema, na jaribio lake la maswali ya filamu lisilo na mwisho. Ikakua kama moto wa nyasi. Sehemu ya kukua huko ilitokana na tabia ambayo watu wengi hawakuipenda: ilikuomba uiruhusu kuingia kwenye anwani zako za barua pepe, halafu mialiko inamiminika kwa kila uliyewahi kumwandikia, akiwemo fundi bomba na mwalimu wako wa sekondari. Watu walilalamika, wengine wakajiunga. Hesabu ilipanda.

Januari 2010 Flixster ikainunua Rotten Tomatoes, ile tovuti ya nyanya inayokusanya maoni ya wahakiki. Hapo ndipo ilipofika kileleni, kwa maoni yangu. Chini ya paa moja ulikuwa na sauti ya wahakiki, nyota za watu wa kawaida, na marafiki zako. Sijaona tena mahali penye vyote vitatu kwa namna ile.

Mei 2011 Warner Bros. ikanunua vyote viwili. Simama hapo kidogo. Studio inayotengeneza filamu imenunua mizani ya kupimia filamu. Wengi waliogopa kwamba mizani ingechezewa, alama za filamu za Warner zipande kimyakimya. Kilichotokea hakikuwa hicho. Mizani iliachwa jinsi ilivyo, ila mwenye duka alikuwa na kazi nyingine ya kuipa Flixster, na ile ya zamani ikaachwa ijiendee.

Kazi hiyo iliitwa UltraViolet. Studio kubwa zilikuwa zinaona mauzo ya diski yanashuka, zikabuni kabati la mtandaoni: unanunua diski dukani, ndani unakuta namba, unaiandika kwenye mtandao, na nakala yako inakaa kwenye kabati hilo milele. Kwa filamu za Warner, mlango wa kuingilia ulikuwa Flixster, kuanzia Oktoba 2011. Mtu aliyekuja kuuliza "nitazame nini?" sasa anaulizwa "umenunua nini?" Tena afungue akaunti mbili, moja ya Flixster na nyingine ya UltraViolet, ndipo aitazame filamu ambayo diski yake anayo mkononi. Disney haikujiunga kabisa, hivyo kabati lenyewe lilikuwa na rafu tupu tangu mwanzo, na hasa rafu ambayo watoto wangeiulizia.

2016 Flixster na Rotten Tomatoes zikauzwa pamoja kwa Fandango, kampuni ya kuuza tiketi za sinema, Warner akipata hisa asilimia 30 za Fandango. Huyu mwenye duka wa tatu alikuwa tayari na jina lake na programu yake. Rotten Tomatoes ilimfaa, akaitunza. Flixster ilikuwa mali ya ziada ndani ya nyumba, na ikafifishwa polepole, watumiaji wakielekezwa huku na kule. UltraViolet yenyewe ilizimwa Julai 31, 2019, na lile neno "milele" likawa miaka minane kasoro miezi.

Kaburi la pembeni ni la Jinni, ya Israeli, iliyoanzishwa 2007. Hii naililia zaidi kuliko Flixster. Jinni haikujali nyota. Ilizipa filamu sifa kama daktari anavyosoma damu: mwendo wa hadithi, mahali, hali ya moyo, namna inavyoisha. Ulikuwa unaweza kutafuta kitu cha polepole, cha kuhuzunisha kidogo, kuhusu ndugu waliogombana, chenye mwisho mwema, na ikakuletea vitu hujawahi kuvisikia. Baadaye iligundua kwamba kampuni za televisheni zinalipa kuliko mimi na wewe tusiolipa chochote, ikageuka kuwauzia wao ufundi huo, na mlango wa watu wa kawaida ukafungwa. Mtambo uliendelea kuishi, sisi ndio tuliotolewa nje.

MovieLens: yatima aliyelelewa chuoni

Yatima namaanisha kweli. Kati ya 1995 na 1997 kampuni ya kompyuta ya DEC ilikuwa na huduma ya majaribio ya kupendekeza filamu iliyoitwa EachMovie. Iliposimamishwa, ilikuwa imekusanya alama milioni 2.8 kutoka kwa watu zaidi ya 72,000. DEC badala ya kuzitupa ikawapa watafiti. Kundi la GroupLens la Minnesota, likiongozwa na akina John Riedl na Joseph Konstan, lilizitumia kuwashia MovieLens. Kwa hiyo hata hii iliyodumu imezaliwa na iliyokufa.

Namna inavyofanya kazi inafaa kueleweka, kwa sababu ndiyo baba wa mitambo mingi unayoitumia leo bila kujua. Kwetu iliwahi kufanywa na binadamu. Kijana wa kibanda cha kuchomea CD, baadaye wa kujazia muvi kwenye flashi, alikuwa hajui lolote kuhusu waongozaji wala tuzo. Alijua kitu kimoja: "Kaka, wote waliochukua ile ya juzi wamerudi kuchukua hii." Huo ndio mtambo. Anaziweka filamu karibukaribu kwa kuangalia nani kachukua nini, bila kuhitaji kujua ndani kuna nini. MovieLens inafanya hivyo kwa mamilioni ya alama. Unazipa filamu nyota, kuanzia nusu hadi tano, na kadiri unavyozidi kutoa ndivyo kila filamu usiyoiona inavyoandikiwa kiasi cha nyota inachodhani utaipa wewe. Wewe, si watu wote kwa wastani.

Na ina jambo ambalo sijaliona kwingine: inakuruhusu kuchagua mtambo wenyewe. Kuna "mkulima" asiyekujua, anayependekeza yale yanayopendwa na wengi. Kuna "malenga" anayeuliza unapenda makundi gani ya filamu. Kuna "shujaa" anayelinganisha filamu kwa filamu, kama yule kijana wa kibanda. Na kuna "mchawi" anayepiga hesabu nzito zaidi. Badili mmoja hadi mwingine uone orodha inavyogeuka. Dakika kumi za mchezo huo zitakufunza mengi kuliko maelezo yangu.

Hakuna matangazo, hakuna kulipia. Malipo yako ni kwamba alama zako, zikiwa zimeondolewa jina, zinaingia kwenye mafurushi ya data ambayo wanafunzi wa kompyuta dunia nzima wanajifunzia. Furushi la kwanza lilikuwa na alama 100,000 za watu 943 tu. Mojawapo la baadaye lina milioni 25. Mwanafunzi yeyote wa Dar es Salaam au Nairobi aliyesoma somo la mitambo ya mapendekezo ana uwezekano mkubwa wa kuwa ameyashika.

Kasoro zake? Sura yake haishawishi. Haina kelele za marafiki, hakuna wa kubishana naye. Na kasoro inayotuhusu sisi zaidi: mtambo wa namna hii unaona kupitia macho ya waliotangulia kutoa alama. Kama waliotangulia wengi ni wa Marekani, mtu anayependa filamu za Kihindi za miaka ya sabini, tamthilia za Kifilipino na Bongo Movie za enzi za Kanumba atakuwa na majirani wachache humo, na majirani wachache maana yake ubashiri dhaifu. Kwa filamu za Hollywood na Ulaya ni hodari. Kwa sebule nyingi za Temeke inajua nusu tu.

Halafu muuza duka akaanza kupendekeza mwenyewe

Kilichozibana huduma za pembeni si wao kwa wao. Ni Netflix. Oktoba 2006 ilitangaza dola milioni moja kwa yeyote atakayeboresha ubashiri wake kwa asilimia 10, ikamwaga hadharani alama zaidi ya milioni 100 za wateja 480,189. Mashindano yalikwenda karibu miaka mitatu. Mwisho wake timu mbili zilifungana kwa alama, na ushindi wa 2009 ukaenda kwa walioleta kazi yao dakika 20 mapema. Mtambo wa awali wa Netflix ulikuwa ukikosea kwa takribani nyota 0.95. Washindi waliushusha hadi takribani 0.86. Milioni nzima ya dola, basi, ilinunua chini ya sehemu moja ya kumi ya nyota.

Na Netflix haikuutumia mtambo ule mzima ulioshinda. Ilisema faida yake haikulingana na kazi ya kuuingiza, na biashara yenyewe ilikuwa imehama kutoka kutuma diski kwa posta kwenda kutiririsha. Mtu anayesubiri diski kwa siku mbili anachagua kwa makini. Mtu anayebonyeza na kuacha baada ya dakika tano hahitaji nyota. Kule kuacha kwake ni jibu tosha. Aprili 2017 nyota zikaondolewa kabisa, kikaja kidole gumba juu au chini, na asilimia ya "inakufaa". Netflix ilieleza kwamba watu walikuwa wanazipa filamu nzito za makala nyota tano kwa heshima, halafu jioni wanatazama kichekesho walichokipa tatu. Siwezi kubisha, nimejiona humo.

Ila angalia kilichopotea. Nyota za zamani zilikuwa zinaweza kukwambia "hii hutaipenda". Mtambo wa leo unapanga rafu ya bidhaa zilizopo dukani siku hiyo, na kwetu rafu hiyo si sawa na ya Marekani. Tangu Netflix ilipofika Kenya, Tanzania na karibu dunia yote Januari 2016, kila nchi ina orodha yake kulingana na haki zilizonunuliwa. Filamu ambayo ingekufaa kuliko zote, kama haimo, haitatajwa. Muuza duka hakutumi duka la jirani. Simlaumu; nasema tu usimwombe kazi hiyo.

Zilizo hai: ipi kwa nani

Kama unapenda watu kuliko hesabu, nenda Letterboxd. Ilianzia Auckland, New Zealand, 2011, mikononi mwa Matthew Buchanan na Karl von Randow, na ndiyo mrithi wa kweli wa sherehe ya Flixster. Kila filamu unayotazama unaiandika kwenye shajara yako na tarehe yake, unaipa nyota, ukitaka unaongeza maneno. Unawafuata watu. Utapata kwamba kuna mtu wa Lagos au Mumbai ambaye mkikubaliana filamu tano, ya sita akiisifu unaitafuta bila kuuliza. Kwa ukali wa ubashiri MovieLens inashinda, maana Letterboxd kazi ya kubashiri imewaachia binadamu. Kwa wengi wetu hilo ni afadhali. Maoni mengi humo ni utani wa mstari mmoja, wa kukuchekesha zaidi kuliko kukusaidia, na ukiwa mtu makini inachosha upesi.

Kwetu ina faida iliyojificha. Orodha yake ya filamu inatoka TMDB, hazina ya wazi inayojazwa na watu wa kujitolea. Filamu ya Kiswahili isiyokuwepo, mtu yeyote anaweza kufungua akaunti TMDB, akaandika jina, mwaka, mwongozaji, waigizaji, akaweka bango, na baadaye ikaonekana Letterboxd. Kwenye mitambo kadhaa kutokuwepo kwetu ni jambo la kulalamikia tu. Hapa ni kazi ya jioni moja.

Hofu yangu ni ileile ya makaburini. Septemba 2023 asilimia 60 ya Letterboxd ilinunuliwa na Tiny, kampuni ya uwekezaji ya Kanada. Waanzilishi walibaki. Tiny si studio ya filamu kama Warner, na hilo ni jambo la kutia moyo. Lakini aliyenunua leo anaweza kuuza kesho, na wewe hutaulizwa.

Kama unataka hukumu ya haraka kabla ya kulipia tiketi, linganisha Rotten Tomatoes na IMDb, lakini jua kwanza kwamba namba zao hazisemi kitu kimoja. Hapa ndipo nawaona watu wakikosea kila wiki. Asilimia ya Rotten Tomatoes ni hesabu ya wahakiki waliosema "inafaa". Filamu ambayo wahakiki wote mia wameiona ni nzuri kiasi, wala haiwakoshi, inapata 100. Filamu ambayo sitini wameipenda kufa na arobaini wameichukia inapata 60, na hiyo ya 60 ndiyo pengine ingekutikisa. Nyanya nyekundu inaanzia hapohapo, 60. Ni kipimo cha usalama, si cha ukubwa. Nakitumia nikienda sinema na wazazi.

IMDb, iliyoanzishwa na Col Needham huko Uingereza mwaka 1990 na kununuliwa na Amazon 1998, inatoa wastani wa kura za watazamaji, moja hadi kumi, ikizipa kura baadhi uzito kuliko nyingine. Inajua kila kitu kuhusu nani aliigiza wapi. Kwa kuchagua, naiona dhaifu, kwa kuwa wanaopiga kura kwa bidii ni mashabiki wenye hasira au wenye mahaba. Wiki ya kwanza namba huwa ya kuchekesha. Subiri mwezi.

Kama tatizo lako si "nini" bali "iko wapi", hapo ni JustWatch, ya Berlin, iliyoanza 2014. Unachagua nchi yako, unaandika jina, inakwambia ipo kwenye huduma gani, kwa kulipia mwezi, kukodi au kununua. Chagua nchi unayoishi kweli; ukiacha Marekani itakupa matumaini ya bure. Inaishi kwa kutumia inachojua kuhusu ladha za watazamaji kuwatangazia filamu za studio, na bado inakuelekeza kwenye duka lolote lenye filamu hiyo. Katika huduma zote hizi ndiyo ninayoifungua mara nyingi, na ndiyo nisiyowahi kuisikiliza inaponipendekezea kitu.

Criticker naitaja kwa wapenda hesabu wenye wivu na MovieLens. Unatoa alama kati ya sifuri na mia, na inazisoma kulingana na ukali wako: sabini ya mtu mkarimu si sabini ya mtu mchoyo. Kisha inakutafutia wenye ladha ya karibu na yako. Sura yake ni mbaya kuliko ya Minnesota.

Na kwa wale wanaochagua muvi kwa kuangalia imetafsiriwa na nani, Lufufu kwetu, DJ Afro kwa Wakenya, huduma hata moja kati ya hizi haina safu hiyo. Wataalamu wa Minnesota hawajui kwamba filamu ileile ya mapigano inaweza kuwa ya nyota mbili kwa Kiingereza na nne na nusu mkononi mwa mtafsiri aliyempa adui jina la mjumbe wa nyumba kumi. Kwa hilo rudi kibandani.

Ninavyofanya mwenyewe

Situmii moja. MovieLens naipa alama kwa mkupuo, mara mbili tatu kwa mwaka, kisha nachukua orodha ya kumi inazobashiri juu kabisa ambazo sijawahi kuzisikia. Kati ya kumi, huwa nazipenda tano au sita, na mbili za ajabu miongoni mwa hizo ndizo zinazonifanya nirudi. Letterboxd ni ya kila siku. JustWatch ni ya mwisho, kabla ya kununua bando. Mtu wa huduma moja tu nitamwambia Letterboxd bila kusita, isipokuwa akiwa mpweke kwa hiari na hataki kusikia maoni ya mtu, hapo MovieLens.

Sharti langu ni moja, na nililipata kwa uchungu. Miaka ya nyuma niliweka alama za muvi zaidi ya mia tatu kwenye huduma fulani, siitaji, ambayo siku moja ilifunga na kunitumia barua pepe ya kuniaga yenye maneno matamu na isiyo na faili lolote. Siku hizi kabla ya kutoa nyota ya kwanza natafuta kitufe cha kutolea data. Letterboxd kipo kwenye mipangilio, upande wa data, na kinakupa faili za CSV zinazofunguka kwenye Excel: shajara, alama, orodha, maoni. IMDb inakuruhusu kupakua alama zako. MovieLens vilevile. Tena Letterboxd inapokea faili kutoka kwingine, kwa hiyo mwenye alama za IMDb za miaka kumi hahitaji kuanza upya. Netflix inakupa historia ya ulichotazama ukiiomba kwenye akaunti yako, ambayo ni kumbukumbu nzuri ya usiku uliolala katikati ya filamu.

Nimejiwekea Januari na Julai. Nashusha faili, naipa jina la mwaka, naiweka kwenye flashi ileile yenye vyeti vya shule na picha za harusi ya dada. Ya sasa ina filamu mia sita na kitu, na uzito wake haufiki wa picha moja ya WhatsApp.